Haloperidoli inafanya nini kichwani mwa mdogo wangu?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi (nimefupisha): "Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, yuko chuo mwaka wa pili. Tangu mwezi wa tano alianza kujifungia chumbani, hali, halali, akawa anasema mtangazaji wa redio anamtaja jina na kumpangia mambo. Wiki tatu zilizopita tulimpeleka hospitali, wakasema ni skizofrenia inayoanza. Akapewa haloperidoli, miligramu 5 asubuhi na 5 usiku. Siku ya tatu shingo ikapinda upande mmoja, macho yakaangalia juu. Tukakimbia naye usiku, akachomwa sindano, ikanyooka, akaongezewa Artane. Sasa sauti zimepungua sana, lakini anatembea kama kagandishwa, hacheki, mate yanamtoka. Shangazi anasema dawa zinamla ubongo, tuziache tumpeleke kwa kisomo. Mimi nataka kujua hiyo dawa inafanya nini hasa ndani ya ubongo. Inarekebisha kilichoharibika au inamlaza tu? Akishaianza ndiyo ya maisha? Na chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi, aende?"

Marahaba, dada yangu. Poleni sana, na hongera kwa kumfikisha hospitali ndani ya miezi michache. Wengi huletwa kwetu baada ya mwaka au miaka, wameshazungushwa kila mahali.

Nianze na jambo ambalo nadhani hamkuelezwa, na ambalo likieleweka maswali yako mengine yote yanajijibu: haloperidoli haigusi chanzo cha ugonjwa. Inafanya kazi hatua moja mbele ya chanzo, pale ujumbe unapopokelewa.

Seli za ubongo huzungumza kwa kumwagiana kemikali, na mojawapo ni dopamini. Inatengenezwa na seli chache sana ukilinganisha na ukubwa wa ubongo, lakini nyuzi za seli hizo zinafika mbali. Nyingine zinaingia kwenye eneo la ndani kabisa linaloitwa striatamu, nyingine zinakwenda sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, na kuna kundi dogo linalohudumia tezi ya pituitari chini ya ubongo. Kwenye striatamu, kazi mojawapo ya dopamini ni kutia alama kwenye mambo: hili lina maana, hili linakuhusu, lishike. Kwa siku nzima tunasikia na kuona maelfu ya vitu, na vingi tunaviacha vipite. Dopamini husaidia kuchagua vichache vya kuvijali.

Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipiga picha za ubongo kwa mashine za PET, ambazo zinaweza kuonyesha kemikali ikitengenezwa ndani ya mtu aliye hai. Walichokiona, hata kwa vijana ambao hawajawahi kumeza kidonge chochote cha akili, ni kwamba kwenye skizofrenia striatamu kwa wastani hutengeneza na kumwaga dopamini kupita kiasi. Alama inaanza kupigwa ovyo. Honi ya gari nje inakuwa na maana. Jirani aliyekohoa amekohoa kwa sababu. Mtangazaji anasoma salamu za wasikilizaji kama kila jioni, na kijana aliyelala kitandani anahisi, kwa uhakika kama wako wewe kwamba unasoma barua hii, kwamba salamu zile ni zake. Akili yenye afya ikipata hisia nzito namna hiyo hutafuta maelezo, na maelezo anayoyapata ndiyo hayo mnayoyasikia: wananitaja, wananipangia. Daktari Shitij Kapur aliueleza ugonjwa kwa namna hii mwaka 2003, na mpaka leo sijapata maelezo yanayowaingia ndugu wa wagonjwa haraka kuliko haya.

Sasa dawa. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne jijini Paris, Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wa akili klopromazini, ile ambayo kwenye kliniki zetu wazee bado wanaiita Largactil. Wagonjwa walitulia na wakaanza kuongea vya kueleweka. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Haloperidoli ikatengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, nayo ikatumika hivyo hivyo bila sababu kujulikana. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Sweden waliwapa panya dawa hizi wakaona ubongo wa panya unaongeza kasi ya kutengeneza dopamini, kana kwamba ujumbe haufiki na mpelekaji anaongeza sauti. Wakahisi kuna kitu kinaziba upande wa kupokea. Miaka ya 1970, Philip Seeman kule Toronto na kundi la Solomon Snyder kule Baltimore walithibitisha: kadiri dawa inavyong'ang'ania kipokezi cha dopamini, kile kinachoitwa D2, ndivyo dozi yake inavyokuwa ndogo. Ndiyo maana Largactil inahesabiwa kwa mamia ya miligramu na haloperidoli kwa chache tu. Watu huona "miligramu 5" wakadhani ni dawa nyepesi. Si nyepesi hata kidogo.

Chukulia vipokezi hivyo kama viti vya daladala, na dopamini kama abiria. Haloperidoli inaingia mapema na kukaa kwenye viti bila kushuka na bila kusema neno. Abiria wanaendelea kumiminika kituoni vilevile, wengi kupita kiasi, ila hawapati pa kukaa. Swali la maana kwa daktari linakuwa: viti vingapi vikaliwe?

Hapo tuna majibu mazuri kuliko mambo mengi katika taaluma yetu. Mwaka 2000, Kapur na wenzake huko Toronto walichukua wagonjwa 22 walio katika ugonjwa wa mara ya kwanza, kama mdogo wako, wakawaanzishia haloperidoli kidogo sana, miligramu 1 au 2.5 kwa siku, kisha wakapima kwa PET vipokezi vingapi vimekaliwa. Vikifika karibu asilimia 65, wagonjwa walianza kupata nafuu. Vikipita asilimia 72, homoni ya prolaktini, ile ya kutengeneza maziwa, ilipanda. Vikipita asilimia 78, kukakamaa na matatizo mengine ya misuli yalianza kujitokeza. Angalia jinsi nafasi ilivyo finyu kati ya nafuu na madhara. Na angalia dozi: kwa wengi wao miligramu 1 hadi 2.5 kwa siku zilitosha kuvuka ile 65.

Mdogo wako anameza 10.

Simlaumu aliyeandika. Kijana akiletwa hajalala siku kadhaa, anaogopa, pengine anapiga watu, dozi hupanda usiku wa kwanza na mara nyingi hubaki pale pale kwa sababu hakuna aliyeiangalia upya. Lakini kijana wa miaka 22 ambaye ubongo wake haujawahi kukutana na dawa hizi huhitaji kidogo, na huumia haraka. Kwenye kliniki ijayo, sema hivi bila woga: "Daktari, sauti zimepungua lakini amekakamaa, tunaomba dozi iangaliwe." Msiipunguze wenyewe nyumbani, na tafadhali msikate kidonge vipande kwa kukadiria.

Shingo iliyopinda ni habari ya dopamini hiyo hiyo, mahali pengine. Sehemu ya striatamu inayoendesha misuli inategemea uwiano kati ya dopamini na kemikali nyingine, asetilikolini. Dawa inapoziba dopamini ghafla, asetilikolini inabaki bila mpinzani na misuli inajikaza yenyewe: shingo, taya, ulimi, macho kugeuka juu. Hutokea zaidi kwa wanaume vijana, ndani ya siku chache za mwanzo, na ndiyo siku ambazo familia nyingi huamini kabisa kwamba ni pepo. Artane inapunguza nguvu ya asetilikolini, mizani inarudi. Artane haigusi sauti wala hofu. Kazi yake ni kusafisha uchafu wa haloperidoli, basi. Yenyewe hukausha mdomo, hufunga choo, hupunguza kumbukumbu (mwanafunzi aijue hiyo), na mitaani vijana wanaitafuta kulewea. Kwa hiyo ifungieni. Dozi ya haloperidoli ikishashuka, muulizeni daktari lini Artane ipunguzwe. Nakutana na watu wanaoimeza miaka mingi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Kutembea kama kagandishwa, uso usiocheka, mate: hayo nayo ni dopamini iliyozibwa mno kwenye njia ya misuli. Mate hayajaongezeka, anasahau kuyameza. Kuna la tatu ambalo hukulitaja ila uliangalie: kutotulia. Mgonjwa anasimama kwenye foleni ya dirisha la dawa, anainua mguu huu, anashusha, anainua ule, anakwenda hatua tatu na kurudi, ukimwambia akae anakaa dakika moja anasimama. Familia husema ugonjwa umepanda, dozi inaongezwa, na mateso yanazidi, maana kilichomtoa kitini ni dawa yenyewe. Mwulize tu: "Ni mawazo yanakusumbua au ni miguu haitaki kutulia?" Atajua kujibu.

Na moja la dharura, halitokei mara nyingi lakini linaua: homa kali, mwili umekaza kama ubao, jasho, na kuchanganyikiwa kwa pamoja. Hapo dawa isimezwe tena na aende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mnadhani ni malaria. Waambieni wanaompokea kwamba anatumia haloperidoli.

Umeuliza kama inamlaza tu. Zamani hata sisi madaktari tulifundishwa kwamba siku za mwanzo ni usingizi tu na dawa "halisi" huanza kufanya kazi baada ya wiki mbili tatu. Uchambuzi uliochapishwa 2003 na kundi la Toronto ulionyesha vinginevyo: nafuu ya sauti na mawazo huanza ndani ya wiki ya kwanza na kuendelea kujijenga. Kipokezi hukaliwa ndani ya saa chache. Kinachochukua muda ni mtu kuacha yale aliyokwisha kuyaamini. Dawa inazima alama mpya, haifuti kumbukumbu za zamani. Ndiyo maana mdogo wako anaweza kukwambia mwezi ujao, kwa utulivu, kwamba yule mtangazaji kweli alimtaja mwezi wa tano, ila siku hizi hamjali. Msibishane naye juu ya hilo. Kwetu hiyo ni nafuu kubwa.

Je, inarekebisha kilichoharibika? Kwa kadiri tunavyojua, hapana. Ile kasi ya kutengeneza dopamini kupita kiasi inaendelea chini kwa chini kwa wengi, wakati juu mambo yametulia. Na kuna sehemu za ugonjwa ambazo haloperidoli haizifikii kabisa: uvivu wa kuanza jambo, kujitenga, akili kushindwa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Hizo hazionekani kutokana na dopamini nyingi ya striatamu. Wengine wanaangalia kemikali nyingine, glutameti, kwa sababu ketamini, dawa ya usingizi inayoziba kipokezi kimoja cha glutameti, inaweza kumfanya mtu mzima mwenye afya aonyeshe dalili zinazofanana na skizofrenia kwa muda. Aidha kuna wagonjwa ambao vipokezi vyao vinakaliwa vizuri kabisa kwenye picha na sauti haziondoki. Kwa baadhi yao dopamini ilikuwa ya kawaida tangu mwanzo. Hao, wakishajaribiwa dawa mbili kwa dozi na muda wa kutosha bila nafuu, wanastahili klozapini, inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha seli nyeupe. Mdogo wako hayupo huko. Amejibu dawa ndani ya wiki tatu, na hiyo ni dalili njema.

Shangazi na ubongo unaoliwa. Ningependa kumwambia hana hoja yoyote, lakini hoja anayo, ndogo. Mwaka 2011 kundi la Nancy Andreasen huko Iowa, Marekani, lililowafuatilia wagonjwa kwa picha za MRI tangu ugonjwa wa kwanza, liliripoti kwamba waliotumia dawa nyingi zaidi walipoteza tishu ya ubongo zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo. Kabla ya hapo, nyani waliopewa haloperidoli au olanzapini (dawa nyingine ya skizofrenia) kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa viwango kama vya binadamu, walikutwa na ubongo mdogo kwa takriban asilimia 10. Upande wa pili, picha za wagonjwa ambao hawajameza chochote zinaonyesha tofauti ndogo tayari zipo, na ugonjwa usiotibiwa una gharama yake. Mimi nasoma ushahidi huu hivi: ni sababu ya kutumia dozi ndogo inayotosha, na si sababu ya kuacha. Tena ni sababu nyingine ya kuiuliza ile miligramu 10.

Kuhusu maisha. Dawa hizi hazileti uteja. Ni nadra mtu kuziiba au kuzitamani, wagonjwa wengi wanazichukia. Ila ubongo uliozibwa hujibu kwa kuongeza vipokezi. Ukiziondoa ghafla, dopamini ile ile nyingi inakuta viti vingi kuliko vya mwanzo. Uchambuzi mkubwa wa majaribio 65, uliochapishwa 2012, ulikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja waliobadilishiwa dawa wakapewa vidonge visivyo na kitu walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 64, na walioendelea na dawa kwa asilimia 27. Huko Hong Kong, vijana waliokuwa wamepona vizuri ugonjwa wa kwanza waligawanywa, wengine wakaendelea na dawa mwaka mmoja zaidi, wengine wakaacha. Baada ya miaka 10, hali ilikuwa mbaya kwa asilimia 39 ya walioacha, dhidi ya asilimia 21 ya walioendelea. Ushauri wa kawaida ni kuendelea angalau mwaka mmoja hadi miwili baada ya dalili kuisha, kisha kuzungumza juu ya kupunguza polepole, kwa miezi, daktari akiangalia. Wapo wanaofanikiwa kuacha. Wengine inawabidi waendelee na dozi ndogo. Kwa wiki tatu hakuna anayeweza kukuambia mdogo wako ni wa kundi gani, na akikuuzia mtu kipimo cha damu cha dopamini, mkimbie, maana kipimo cha namna hiyo cha kutambua ugonjwa huu hakipo.

Haloperidoli pia si njia pekee. Risperidoni na olanzapini zinapatikana kwenye baadhi ya hospitali za mikoa na maduka makubwa ya dawa. Risperidoni kwa dozi ndogo hukakamaza kidogo kuliko haloperidoli lakini hupandisha prolaktini, na mwanaume anaweza kuona matiti yanajaa au hamu ya tendo la ndoa inapotea; kijana hatasema asipoulizwa, ataacha dawa kimya kimya. Olanzapini inaiacha misuli bila kukakamaa sana ila inamnenepesha na kupandisha sukari, pimeni uzito na sukari kabla ya kuanza. Sigara hupunguza nguvu ya olanzapini mwilini, kwa hiyo kama anavuta daktari ajue. Sindano ya mwezi, Modecate, ni ya aina ile ile ya kuziba D2, imewekwa kwenye mafuta ili itoke taratibu. Ni nzuri kwa anayesahau vidonge, lakini ikishaingia haitoki, kwa hiyo kwa mtu aliyepinda shingo wiki tatu zilizopita mimi nisingeiharakisha.

Hukuandika chochote kuhusu bangi na mirungi, nami nauliza kwa sababu ni chuo. Mirungi ina katinoni, inayomwaga dopamini kwa namna inayofanana na amfetamini. Akitafuna huku anameza haloperidoli, ni sawa na kumwaga na kuziba kwa wakati mmoja. Bangi inaongeza wazi hatari ya kurudiwa. Ulizeni pia kama alipimwa VVU na kaswende, na kama aliwahi kuwa na kifafa, maana yote hayo yanaweza kuvaa sura ya skizofrenia na tiba yake ni nyingine.

Kisomo sikukatazi. Mgonjwa anayesomewa huku anameza dawa yake sijawahi kuona ameharibikiwa. Ninachokataa ni vitu vitatu: kumfunga, kumnyima chakula, na kuacha vidonge ili "dawa zisigongane". Mwambieni mwalimu mapema kwamba vidonge vinaendelea. Wengi ni waelewa.

Na chuo: mwezi wa kumi ni mapema. Hata sauti zikiisha kabisa, uwezo wa kukaa darasani saa mbili na kushika kinachosemwa huchelewa kurudi, miezi kadhaa baada ya sauti kuisha, na sasa hivi haloperidoli na Artane zinamvuta chini zaidi. Ombeni barua ya kliniki aahirishe muhula mmoja, barua isiyotaja jina la ugonjwa, iseme tu yuko kwenye matibabu. Wakati huo apewe kazi ndogo yenye saa maalumu: kwenda sokoni asubuhi, kumfundisha mdogo wenu hesabu jioni. Akiweza hayo wiki nne mfululizo bila kusukumwa, rudini kliniki mzungumzie muhula unaofuata.